Bunge ni la Nani? Mbunge, Khansala na Sisi Tusio na Kura



Katika mkutano wetu wa tawi hapa Dzaleka mama mmoja muuza usipa alisimama akasema maneno ambayo mpaka leo yamenikaa kichwani. Alisema: "Ndugu katibu, mbunge ni wa Wamalawi. Sisi hatuna kura. Sasa nyinyi wa chama mnatuchosha bure na habari za Bunge. Afadhali tuzungumze bei ya samaki." Watu wakacheka, na wengi wakampigia makofi. Nilimjibu pale pale, lakini jibu langu lilikuwa fupi tena baya. Tangu siku hiyo nimewauliza wanaojua, nimeisoma Katiba ya Malawi polepole na kamusi mkononi, nami naleta jibu kamili zaidi katika ukurasa huu. Mimi niliishia darasa la sita kule Fizi, kwa hiyo sitaandika kama mwanasheria. Nitaandika kama fundi cherehani aelezavyo nguo: hapa pamekatwa, hapa pameshonwa.

Kwanza tuyajue majina, maana wengi wetu tunapotea hapo. Bunge, kwa Kichewa, huitwa Nyumba ya Malamulo, yaani nyumba ya sheria. Mbunge ni phungu. Diwani ni khansala, na baraza lake ni khonsolo. Mkuu wa wilaya ni bwanamkubwa, neno ambalo sisi Waswahili hatuhitaji kutafsiriwa. Chifu ni mfumu. Ukienda kwa khansala ukamwita phungu atafurahi, lakini shida yako haitakwisha, kwa sababu kazi zao ni mbalimbali.

Tangu uchaguzi wa Septemba 16, 2025, nchi hii ina majimbo 229 ya wabunge, ambapo zamani yalikuwa 193. Chini ya majimbo ziko kata 509, na kila kata ina khansala wake. Siku hiyo moja mwananchi alipiga kura tatu: ya rais, ya mbunge na ya khansala. Wabunge hukutana Lilongwe, katika jengo lile kubwa lililomalizika mwaka 2010 kwa msaada wa China. Zamani Bunge lilikaa Zomba. Lugha ya Bunge ni Kiingereza, na Katiba yataka mbunge awe anaweza kukizungumza na kukisoma. Basi msidhani ni sisi wageni peke yetu tusiofuata yanayosemwa mle. Jirani zetu wengi wa vijijini nao hutegemea kuelezwa na redio.

Kazi ya mbunge ni nini? Ni kutunga sheria, kupitisha fedha za serikali, na kuwauliza mawaziri maswali juu ya kazi yao. Mwaka wa fedha wa Malawi huanza Aprili 1, kwa hiyo mwezi wa Februari na Machi ndio wakati wa bajeti. Anayetaka zahanati ipate dawa asingoje mwezi wa Juni kupiga kelele. Wakati huo fedha zimekwisha kugawanywa, naye atajibiwa kwa upole kwamba asubiri mwaka ujao.

Yapo na mambo ambayo si kazi ya mbunge, ingawa watu wote humwomba: jeneza, nauli, mahindi, karo ya shule. Wabunge wenyewe wamelea desturi hiyo wakati wa kampeni, halafu baadaye hulalamika kwamba nyumbani kwao hakupumuliki. Mimi sina huruma nyingi juu ya hilo. Lakini wewe unayeomba jeneza fahamu kwamba unaomba ukarimu wa mtu, na ukarimu haudaiwi. Swali Bungeni ni jambo jingine. Hiyo ni kazi yake, naye analipwa mshahara kwa ajili yake.

Mwaka jana tulikwenda watu saba kulitazama Bunge kwa macho yetu. Kati yetu walikuwamo Mrundi, Mnyarwanda, Wakongo, na Wamalawi wawili wa chama. Tulitanguliza barua, na sisi wa kambini tukaomba kibali cha kutoka, kwa maana bila karatasi hiyo safari huishia kizuizini. Tulivaa kama watu waendao kanisani. Mlangoni tulipekuliwa, simu zikabaki, tukaketi juu kwenye viti vya watazamaji. Spika hukaa mbele. Upande wake wa kulia ni serikali, wa kushoto ni upinzani. Siku hiyo walibishana habari za mbolea. Papa mmoja wa kwetu alishangaa akaninong'oneza: "Wanamzomea waziri, na hakuna anayekamatwa?" Nikamwambia ndivyo kanuni zilivyo, mradi wasitukanane. Alikaa kimya muda mrefu. Sisi wengine tumetoka mahali ambapo kumzomea waziri ni kuiaga familia yako.

Na hapa nataka nikumbushe jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Dzaleka kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza. Katika utawala wa Dr. Banda walifungwa hapa watu waliosema yasiyotakiwa juu ya siasa, na husemwa kwamba jina lenyewe latokana na neno la kuacha: ukitoka humo umekoma, hutarudia. Watu wa Malawi walipiga kura ya maoni Juni 14, 1993 wakakataa chama kimoja, na mwaka uliofuata, Mei 17, 1994, wakafanya uchaguzi wa vyama vingi. Mwaka huo huo wa 1994 ndipo mahali hapa palipofunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuchukua watu kama 10,000 au 12,000. Leo tumepita 50,000.

Sasa tulijibu lile neno la mama: sisi hatuna kura. Ndugu zangu, jambo hili si jepesi kama tulivyozoea kulisema. Katiba ya 1994, katika fungu la 77, iliandika kwamba mtu aweza kuandikishwa kuwa mpiga kura akiwa ni raia, au, kama si raia, akiwa amekaa nchini kwa kawaida miaka saba. Sharti jingine ni umri wa miaka 18, na awe anaishi katika jimbo lile, au alizaliwa humo, au ana kazi au biashara humo. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamenidanganya. Nikamwonyesha mwalimu mmoja Mmalawi, akasoma mara mbili, akasema: "Achimwene, ndivyo ilivyo."

Msikimbie kushangilia. Neno la Katiba ni mlango, na mlango una kufuli. Tangu maandalizi ya uchaguzi wa 2019, kitambulisho cha taifa ndicho kilichotumika kuandikishia wapiga kura, na sheria ya uchaguzi ya 2023 imelikaza jambo hilo. Kitambulisho hicho hupewa raia. Kadi ya mkimbizi haifungui kufuli hilo, hata kama mwenye kadi amekaa hapa miaka ishirini na watoto wake wanaota kwa Kichewa. Je, mkimbizi aliyekaa miaka saba huhesabiwa kuwa "amekaa kwa kawaida"? Hilo ni swali la wanasheria na la Tume ya Uchaguzi. Chama chaweza kuliuliza kwa barua, kwa adabu, na nimependekeza tufanye hivyo kabla ya uandikishaji mwingine kuanza.

Lakini hapa lazima nitoe onyo, na naomba lisomwe kwa sauti katika kila kikundi. Wako watu mjini wanaouza njia ya mkato. Kijana mmoja fundi viatu aliniambia alivyotoa akiba yake yote akiahidiwa kitambulisho cha taifa kwa jina la kijiji asichokijua. Hakupata kitambulisho, na fedha hazikurudi. Mimi namwona ana bahati, maana kama angekipata angekuwa mikononi mwa polisi kwa kosa la kughushi, na magazeti yangeandika kwamba wakimbizi wote ni wezi wa uraia. Haki iliyoandikwa tuitafute mchana, kwa barua yenye nakala.

Hata Tanzania, mwaka 2014, Warundi waliokimbia tangu 1972 wapatao 162,000 walipewa uraia, na ndipo wakapata kura. Hawakupata kura kwa kukaa tu. Wale waliongoja walingoja zaidi ya miaka arobaini. Nayataja hayo ili mtu asidhani kwamba ni Malawi peke yake yenye mambo ya polepole.

Basi kama hatuna kura, au tunayo kwa maandishi bila kadi, tuna nini? Tunayo mengine ambayo hatuyatumii. Katiba hiyo hiyo, fungu la 31, inasema watu wote wana haki ya kuunda na kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Haikusema raia wote. Ndiyo maana mimi, mtu wa Fizi, nabeba kadi ya chama na kukusanya michango ya mafundi cherehani na wauza mboga. Kadhalika fungu la 40 limempa kila mtu haki ya kushiriki kwa amani katika shughuli za siasa zenye nia ya kuathiri mwenendo wa serikali. Kuandika barua kwa mbunge ni jambo la namna hiyo. Kumwalika khansala mkutanoni pia.

Kisha kuna kodi. Ukinunua soda au vocha ya simu, kodi imo ndani ya bei. Ukipanga nyanya zako katika soko la mji, mtoza ushuru hakuulizi umezaliwa wapi. Anakata risiti, unalipa. Risiti hizo wengi hutupa chini au hufungia karanga. Ziwekeni. Siku ya kwenda kwa khansala kudai choo cha soko, mwenye risiti za mwaka mzima husikilizwa kuliko mwenye hasira.

Sasa nieleze kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulimwandikia mbunge mmoja barua. Ilikuwa kurasa tano, na kila taifa lilitaka neno lake liingie. Tuliandika habari za mgao wa chakula uliopungua, habari za watu waliongoja safari ya Kanada miaka kumi, habari za mjigo ulioharibika, polisi wa barabarani, vyumba vya madarasa, na mwisho tukaomba mipira miwili ya vijana. Barua ilitafsiriwa kutoka Kiswahili hadi Kifaransa, kisha Kiingereza. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa mistari mitatu: mambo haya si ya ofisi yangu. Watu wakakasirika wakasema ametudharau. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Leo nikiitazama nakala ya barua ile naona kwamba, ukiondoa madarasa, mtu yule alisema kweli, ingawa angeweza kuisema kwa upole zaidi.

Mgao wa chakula uko mikononi mwa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali kupitia idara ya wakimbizi. Safari ya Kanada huamuliwa na Kanada. Polisi wana wakubwa wao, na iko wizara yao. Mjigo, yaani kisima cha pampu, njia yake huanza chini kabisa, katika kamati ya maendeleo ya kijiji. Kutoka hapo jambo huenda kwenye kamati ya eneo la chifu mkubwa, kisha kwa khansala, na mwisho hufika khonsolo ya wilaya, Dowa boma. Mambo matano, milango mitano, na sisi tuliyatia yote katika bahasha moja.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo tungelifanya mwanzo. Tulikwenda kwa majirani. Mjigo ule wanautumia watu wa kambi na watu wa kijiji cha jirani pia. Zahanati ya Dzaleka nayo huwatibu wakimbizi na wenyeji, na katika shule watoto hukaa dawati moja. Jambo likiwa la wote wawili, mwenye kura yupo: ni yule mama Mmalawi asimamaye nyuma yako katika foleni ya maji. Tulimwendea mfumu kwa desturi za hapa, tukaketi chini, tukapiga makofi ya salamu kabla ya kusema, na akina mama wakawa na vitenge vyao. Wengine wetu hudharau mambo haya wakasema ni ya kishamba. Mimi nawaambia mlango wa mfumu ndio wa kwanza, na aliyeuruka ataurudia.

Mfumu alituuliza swali moja: "Kamati yenu na kamati yangu zimewahi kukaa pamoja?" Hazikuwahi. Zikakaa. Mkutano ulikuwa mrefu kupita kiasi, kwani kila neno lilipita Kichewa, Kiswahili na Kirundi, na ndugu zetu Waethiopia walikuwa na mkalimani wao pembeni. Kulikuwa na maneno makali pia. Mzee mmoja wa kijiji alisema tangu kambi ijae miti imekwisha na maji yamekuwa haba. Hakuna aliyeweza kumkanusha, na kilichotusaidia ni kwamba hatukujaribu. Mwisho tukaandika barua ya ukurasa mmoja, jambo moja: mjigo. Waliotia sahihi ni mfumu, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, na kiongozi wetu wa eneo. Ikapelekwa kwa khansala kwa mkono, na karani akapiga mhuri kwenye nakala yetu.

Khansala alikuja mwenyewe baada ya majuma matatu, kwa baiskeli ya kukodi. Vipuri vilichukua muda zaidi, lakini vilifika. Sisemi kwamba shida ya maji imekwisha. Foleni bado ipo alfajiri. Ila mjigo ule unafanya kazi.

Juu ya makhansala, niongeze kwamba watu wengi hawawajui kwa sababu nchi ilikaa miaka mingi bila wao. Walichaguliwa mwaka 2000, muda wao ukaisha 2005, na uchaguzi mwingine wa serikali za mitaa haukufanyika mpaka Mei 2014. Miaka tisa! Mtoto alizaliwa akaingia darasa la tatu pasipo kuwako khansala. Katika muda huo watu walizoea kumpelekea mbunge kila kitu, hata daraja la miti. Khonsolo ya leo ina makhansala wa kuchaguliwa. Machifu wakubwa nao huhudhuria, na sheria inaruhusu pia watu watano wa kuteuliwa, wasiopiga kura, kwa ajili ya makundi yenye mahitaji ya pekee. Sijaona popote kwamba viti hivyo vimefungwa kwa wafanyabiashara wadogo. Huo ni mlango mwingine wa kuulizia.

Lakini msije mkadhani kwamba Bunge halituhusu kwa kuwa mambo ya mjigo ni ya chini. Jambo letu kubwa kuliko yote ni la sheria. Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka masharti yake juu ya vifungu tisa. Kimojawapo ni cha kazi ya mshahara, na kingine ni cha uhuru wa kuchagua pa kuishi. Kisha ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 1989. Kwa sababu ya hayo, fundi aliye na cherehani yake Lilongwe huishi kama mtu aliyesimama mguu mmoja. Mwaka 2021 serikali iliagiza wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka kabla ya mwisho wa Aprili, na mahakama ikasimamisha kwa muda. Machi 27, 2023 agizo likatolewa upya, na kuanzia Mei 17 mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya watu mjini Lilongwe, maduka yakafungwa, na mamia wakaletwa kambini pamoja na watoto wao.

Agizo la waziri laweza kuja asubuhi na kuondoka jioni. Sheria haiondoki ila kwa Bunge. Mazungumzo ya kuibadilisha Sheria ya 1989 yamekuwako kwa miaka mingi, na muswada ukiletwa utapita katika kamati za wabunge, ikiwemo Kamati ya Mambo ya Sheria, ambayo imetajwa katika Katiba yenyewe. Kamati huita watu na kusikiliza maoni. Wakati huo ndipo tutakapotakiwa kuwa na karatasi yetu tayari: watu wangapi katika tawi letu wanafanya kazi gani, wanalipa ushuru kiasi gani, wamewafundisha kazi vijana wangapi wa Kimalawi. Tukianza kuhesabu siku muswada unapoletwa tutakuwa tumechelewa. Kwa hiyo hesabu imeanza, na nimekwisha kuandika majina ya mafundi cherehani. Waokaji na wauza usipa bado.

Somo la pili litakuwa juu ya ushuru wa soko na namna ya kuandika barua ya ukurasa mmoja. Litafanyika Jumapili baada ya ibada, mahali pale pale, na mkalimani wa Kirundi atakuwapo. Kila mmoja aje na risiti zake, hata zilizokunjamana. Mama muuza usipa ameahidi kuja, kwa sharti kwamba nisizungumze zaidi ya saa moja.